Ule usingizi wa saa nane mchana: namna ya kurudisha nguvu ukiwa Tanga

Haya, maswali ni yaleyale kila siku. "Kaka nikishakula tu macho yanafunga yenyewe, nifanyeje?" "Ninywe enaji gani isiyo na madhara?" "Mbona asubuhi niko freshi ila ikifika saa nane hata chenji nashindwa kuhesabu?" Anauliza binti wa dukani, anauliza bodaboda, anauliza mwalimu, na jibu lake ni refu kulitoa kijiweni watu wakiwa wanasubiri zamu ya bao, kwa hiyo nimeliandika lote hapa. Lisome taratibu, anza na hatua mbili tatu, usizivamie zote kwa siku moja.

Kwanza elewa hili afu tuachane na nadharia. Kuchoka mchana sio uvivu na wala sio kurogwa (najua sisi watu wa Tanga kila kitu tunapenda kukipeleka huko). Mwili una saa yake ya ndani, na hiyo saa inashuka kidogo kuanzia saa saba mpaka saa tisa hivi, hata kwa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni. Juu ya hapo, tangu ulipoamka kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo na kuvuta usingizi polepole. Hivyo viwili huviwezi. Ila sisi wenyewe tunaongeza vyetu: sahani ya wali wa nazi iliyofurika, soda ya baridi, kiu ambayo hatuijui, joto la pwani na usiku tuliokesha na simu. Hivi vya kuongeza ndio tunavyovifanyia kazi, manake lengo ni ushuke kidogo na urudi haraka. Atakayekuahidi kwamba hutachoka kabisa ujue ana kitu anataka kukuuzia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chupa ya maji ya lita moja, hata ile ya zamani uliyoisafisha vizuri.
- Simu yenye alamu. Sio ya kuchezea, ya kukuamsha.
- Mahali pa kujiegemeza dakika ishirini: mkeka nyuma ya duka, kiti chenye mgongo, benchi la msikitini, popote penye kivuli na usalama.
- Kanga au leso ya kufunika macho.
- Karanga, korosho au tunda, viwe karibu kabla njaa haijafika.
- Kalamu na kipande cha karatasi kwa wiki ya kwanza.

Vidonge vya nguvu, poda za kwenye makopo na zile chupa za mitishamba zisizo na lebo, achana navyo.

Hatua zenyewe

1. Ijue saa yako ya kushuka

Wiki moja tu, andika umelala saa ngapi, umekula nini mchana na usingizi umekuja saa ngapi. Wengine unawapata saa saba na nusu, wengine saa tisa. Ukishaijua unaiwahi, usisubiri mpaka kichwa kiangukie kwenye kibodi.

2. Anzia asubuhi, sio saa nane

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi usiku. Kama unalala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kwa ajili ya swala na kuwaandaa watoto shule, hapo una saa nne, na hakuna hatua hapa chini itakayozilipa hizo tatu zilizopotea. Nasema mapema ili tusije kulaumiana.

Afu chai. Chai yetu ya asubuhi mara nyingi ni chai ya sukari na maandazi mawili, au chapati, au vitumbua, yaani ngano au mchele na sukari na mafuta basi. Inapanda haraka na kushuka haraka, saa nne una njaa, saa saba unakula kwa hasira. Sikwambii uache maandazi, naongea na mtu wa pwani naelewa. Nakwambia yasindikize: mbaazi za nazi, yai la kuchemsha, maharage ya jana, au kipande cha samaki kilichobaki usiku. Na sukari kwenye chai ishushe kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea bila ugomvi.

3. Maji kabla ya kiu

Disemba mpaka Machi kaskazi likivuma, joto la mchana hapa linapita nyuzi 30 na unyevu ni mwingi, unatoka jasho hata ukiwa umekaa. Mwili ukipungukiwa maji hata kidogo umakini unashuka, kichwa kinauma, na wewe unadhani ni usingizi. Maliza ile chupa ya lita moja kabla ya saa saba, ijaze tena. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea bado hujanywa. Dafu ni zuri pia, moja linatosha. Mwenye tatizo la figo au moyo asifuate hesabu yangu, afuate ya daktari wake.

4. Sahani ya mchana, hapa ndipo penyewe

Nikiambiwa nichague hatua moja tu, ni hii, kwa hiyo nivumilie nirefushe.

Shida haiko kwenye wali wala ugali. Shida ni mgawanyo. Sahani ya kawaida ya kwa mama ntilie ni robo tatu wanga, kijiko cha maharage, majani mawili ya mchicha, na samaki kama bajeti inaruhusu. Ukila hivyo mpaka kushiba ndindindi, na wali wenyewe wa nazi, mafuta yanafanya chakula kikae tumboni muda mrefu, wanga mwingi unapandisha sukari ya damu kwa kasi kisha inashuka, na ikikukuta kwenye ile saa ya mwili iliyoshuka yenyewe, umekwisha.

Geuza hivi: nusu ya sahani iwe mboga, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, kachumbari, chochote cha msimu. Robo iwe maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa au nyama. Robo inayobaki ndio wali, ugali, bada, ndizi au muhogo. Kwa mama ntilie usione haya, sema tu kwa adabu, "Mama naomba wali nusu, mboga na maharage unijazie, bei iwe ileile." Wengi wanakubali, maharage yako yapo tu kwenye sufuria. Akikataa lipia sahani ya mboga ya ziada.

Kuna mbinu nyingine ya bure kabisa: mpangilio wa kula. Anza na mboga na samaki au maharage, wali uwe wa mwisho. Chakula ni kilekile ila sukari ya damu inapanda taratibu zaidi kuliko ukianza na wali. Watu wazima mezani watakushangaa, mwambie bibi una sababu zako.

Kula taratibu, acha kabla hujashiba kabisa. Nguo ikianza kubana tumboni tayari umechelewa.

Sasa tahadhari, manake hapa ndipo wengi wanaharibu:

*Soda juu ya wali.* Chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 mpaka 40, ni karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Yaani chupa moja tu imekula sehemu kubwa ya siku. Juisi ya miwa na ya ukwaju iliyotiwa sukari ya kufurika ziko kundi hilohilo, usijidanganye kwa sababu ni za asili.

*Chai ya rangi papo hapo baada ya kula.* Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Isubirishe kama saa moja. Kamulia ndimu kwenye mboga au malizia na chungwa, vitamini C inafanya kinyume chake, inasaidia chuma kuingia. Na machungwa ya Muheza yapo mlangoni kwetu, hatuna kisingizio.

*Kuruka chakula cha mchana ili usisinzie.* Utasinzia tu, afu saa moja usiku utakula cha watu wawili, usiku hulali vizuri, kesho tunarudi mwanzo.

5. Tembea dakika kumi ukimaliza kula

Usikae. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari iliyoko kwenye damu, kwa hiyo ule mpando na mshuko unakuwa mdogo. Dakika kumi, mwendo wa kawaida, sio mazoezi. Ukiwa Ngamiani pita upande wa mabaraza wenye kivuli, barabara zetu zile zimenyooka zina namba, hesabu tatu kwenda tatu kurudi. Ukiwa maeneo ya Raskazone au Chumbageni sogea kwenye upepo wa bahari. Mji wetu tambarare, mwenye baiskeli apige mzunguko taratibu.

Jua la saa saba ni kali lakini mwanga wake nje, hata ukiwa kivulini, unauambia ubongo kwamba bado ni mchana. Ukitoka ofisi yenye mapazia na kurudi ofisi yenye mapazia mwili unajua nini? Hivyo mwanga uupate, jua la utosini ulikwepe.

Wanaokwenda msikitini kwa miguu swala ya adhuhuri tayari wana nusu ya hatua hii, na udhu na maji ya usoni unasaidia sana. Tatizo ni kwamba wengi wanaswali kwanza, wanakula baadae, kisha wanakaa. Ongeza kamzunguko kafupi baada ya kula.

6. Lala kidogo, lakini kwa akili

Wazee wetu walikuwa na kailula yao, duka linafungwa mchana, mji unatulia, alasiri watu wanafungua wakiwa na sura mpya. Siku hizi tunaona ni ushamba, tunakunywa kopo la enaji badala yake. NASA, wale wa Marekani wa kurusha vyombo angani, walifanya utafiti kwa marubani wa ndege za safari ndefu wakawaruhusu wapumzike kwa zamu safarini. Walilala wastani wa dakika 26 na umakini wao ulikuwa bora kuliko wenzao ambao hawakulala. Kwa hiyo kailula haina ushamba wowote.

Fanya hivi:

a) Iwe kati ya saa saba na saa tisa. Ikishapita saa tisa achana nayo, utaiba usingizi wa usiku.

b) Weka alamu ya dakika 25. Tano za kutafuta usingizi, ishirini za kulala. Simu iweke mbali kidogo ili ulazimike kuinuka kuizima.

c) Usilale kitandani kama unaweza. Mkeka, kiti, benchi. Kitanda chenye neti na feni hakikuachii, tunakijua.

d) Funika macho na kanga, legeza mkanda na viatu, pumua taratibu.

e) Usingizi usipokuja usigombane nao, kufumba macho na kutulia tu kunapumzisha. Wengi wanaosema "mimi mchana silali" wakikaa wiki kwa saa ileile mwili unazoea.

f) Alamu ikilia simama hapohapo, nawa uso, toka nje kwenye mwanga.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulala saa nzima. Ukipita nusu saa mwili unaingia usingizi mzito, ukikatizwa hapo unaamka mdomo mkavu, kichwa kizito, hujui ni asubuhi au jioni, umenuna na kila mtu. Hapo watu wanasema kulala mchana kunachosha. Kinachochosha ni urefu.

Kuna ujanja mwingine, kunywa kikombe cha kahawa haraka kisha ulale hapohapo zile dakika ishirini. Kafeini inachukua kama nusu saa mpaka uisikie, kwa hiyo unaamka nayo ndio inaanza kazi. Sio kwa kila mtu, mwenye presha au moyo unaoenda mbio aache.

Bodaboda na wa magari nawatolea neno pembeni. Ukianza kupiga miayo mfululizo, ukapita mahali na hukumbuki umepitaje, simama. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havitibu usingizi. Barabara ya Segera imenyooka, ina joto, inalaza watu. Tafuta kituo chenye watu na kivuli, lala dakika zako, mteja akikasirika mwache akasirike.

7. Kahawa na chai kwa ratiba

Kafeini haikupi nguvu mpya, inaziba tu masikio ya ubongo usisikie ile adenosini. Nusu yake inabaki mwilini baada ya kama saa tano, na wengine zaidi. Ukinywa kikombe saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu bado inazunguka. Kwa hiyo cha mwisho kiwe saa nane, sanasana saa tisa.

Hapa najua nagusa pabaya, manake kahawa chungu ya barazani ni ya jioni, baada ya magharibi, na kijiwe bila kahawa hakikai. Mimi siwezi kukuambia uache kijiwe. Kama ukiweka ubavu tu unalala, kunywa kikombe chako kimoja kile kidogo. Kama unageuka geuka mpaka saa saba usiku, tafuna kashata, piga soga, kikombe kipite.

Enaji: soma lebo nyuma. Nyingi zina sukari kama gramu 11 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 300 ina gramu 33, ni soda yenye kafeini. Kwa mtu mzima mwenye afya kafeini ya siku isizidi kama miligramu 400, mjamzito abaki chini ya 200, na watoto wasipewe enaji kabisa. Hata ile ndogo. Hata wakilia.

8. Kitu kidogo saa kumi

Kiganja cha karanga au korosho, chungwa, ndizi, au tende mbili tatu na karanga. Muhogo wa kuchoma kipande kimoja sawa, chipsi na soda hapana.

9. Panga kazi kufuata mwili

Hesabu, barua ngumu, mazungumzo ya pesa, weka asubuhi. Saa nane weka kazi za kusimama na mikono: kupanga mzigo, kupiga simu, kufuata risiti, kufagia. Kama bosi anapenda mikutano ya saa nane, pole, omba usimame nyuma.

Ukikwama

*"Nikilala mchana usiku silali."* Punguza iwe dakika 10 mpaka 15 na iwe kabla ya saa nane. Ikiendelea, acha ya mchana kabisa, baki na kutembea na sahani.

*"Usiku nalala masaa manane kamili, bado nachoka."* Muulize unayelala naye kama unakoroma kwa nguvu na pumzi inakata katikati. Kama ndio, nenda hospitali, hilo ni tatizo linalotibika.

*"Nimefuata wiki tatu, hamna kitu."* Usiendelee kujitibu. Kapime wingi wa damu, sukari, malaria, na kwa kina dada mimba pia. Upungufu wa damu umejaa: utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana damu pungufu. Ukipanda ngazi mbili moyo unakimbia, kope kwa ndani zimepauka, zahanati ya mtaani kwako inaweza kuanza kukupima, sio lazima ukapange foleni hospitali ya mkoa, Bombo. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, sukari. Kupungua uzito bila sababu, kutoka jasho usiku, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, usingoje hata kesho.

*"Nimeanza dawa ndio nikaanza kusinzia."* Dawa nyingi za mafua na aleji, piritoni ikiwemo, zinaleta usingizi. Muulize mfamasia kama kuna ya aina nyingine, na usiendeshe chombo mpaka ujue inakufanyaje. Dawa ya kuandikiwa usiiache kienyeji.

*"Nafanya zamu ya usiku kiwandani au lindo."* Saa zote hapo juu zihesabu kuanzia ulipoamka, sio kwa jua. Lala kidogo kabla ya kuingia zamu, kahawa iwe mwanzoni mwa zamu tu, na ukirudi asubuhi ziba madirisha kwa kanga nzito.

*"Na Ramadhani?"* Hatua ya 3, 4 na 7 zinahamia usiku. Daku lisogeze karibu na alfajiri, liwe na maharage, mayai au samaki, sio chai na mkate peke yake, na chumvi ipunguze la sivyo kiu itakuanza saa tatu asubuhi. Maji yagawe kidogo kidogo toka futari mpaka daku, usimimine lita mbili dakika ya mwisho. Kahawa kunywa ukishafuturu, sio baada ya tarawehe. Futari yenyewe anza na tende na maji, uji mwepesi, kaswali, kisha ndio urudi kwenye viazi na mihogo ya nazi kwa kipimo. Wanywaji wa chai nyingi wapunguze wiki moja kabla ya mwezi kuandama, maumivu ya kichwa ya siku tatu za mwanzo mara nyingi yanatokana na kukosa kafeini. Kailula baada ya adhuhuri inabaki palepale, dakika ishirini, alamu ikiwa mbali na mkono.